Pampu Iliyolikimbia Jua

Niliwahi kumwapia dada yangu kwamba jua la Misungwi lina nguvu za kulipandisha ziwa zima mpaka juu ya mlima, samaki wakiwamo. Niliapa nikiwa nimeshiba ugali wake na sato wa kuchemsha, na mwanamume akishiba kwa dada yake husema mambo makubwa. Shida ni kwamba dada aliamini.

Dada ameolewa kijiji cha ufukweni. Shemeji yangu muda mwingi yuko visiwani anafukuza dagaa, kwa hiyo bustani ya nyanya ni ya dada peke yake: anailima, anaimwagilia, anaigombeza. Kipande chenyewe cha ardhi ni cha baba mkwe wake, mzee mfuga ng'ombe, mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye kofia ya pama iliyonizidi umri. Mzee alimpa kwa sharti moja, na sharti hilo alilitangaza mbele ya watu baada ya ibada ili asije mtu akalisahau.

"Mkamwana, nyanya zikizaa kiangazi hiki, shamba ni lako, sitalitia mguu tena. Zikikauka, ng'ombe wangu wanarudi kwenye majani yao."

Watu wote walicheka isipokuwa dada. Yeye alikwenda nyumbani, akavua nguo za kanisani na kuanza kupiga matuta.

Alikuwa na pampu ya petroli iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Siku ina mafuta, haina plagi. Siku ina plagi, haina mafuta. Ndipo mimi nikaja na kile kiapo changu cha jua. Tukatafuta sola: paneli nne, betri mbili, pampu ya kuzamishwa majini, na kisanduku cheupe chenye kioo kidogo ambacho fundi alikiita kontrola. Dada, kwa imani yake kwangu, akaibadilisha ile pampu ya petroli kwa mbuzi jike mwenye mimba. Alijua petroli hataihitaji tena mpaka Yesu arudi.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu elimu yangu, maana ndiyo iliyoaminiwa. Mchana napima mbao kwenye ghala moja Mabatini, Mwanza. Jioni, kwa miaka minne, nilisoma. Tulikuwa watu wazima wenye ndevu, tumekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa masikio, na ukihema kwa nguvu dawati linavunjika. Nikafaulu. Cheti changu kimetundikwa ukutani juu kabisa ili mgeni ainue shingo. Kijijini kwa dada hawakusema nimesoma jioni, walisema nimesoma usiku, na yule mzee akanipa jina: Msomi wa Usiku. Nililipenda. Nilidhani ni sifa.

Fundi alitoka Buswelu, akamaliza kazi siku moja. Paneli akazipandisha juu ya banda, zikang'aa kiasi kwamba naapa ndege waliacha kupita pale bila miwani. Akaweka saa kwenye kontrola kwa kuitazama simu yake, kisha akatueleza taratibu.

"Mchana jua likiwa kali, pampu inakula jua lenyewe. Kinachobaki kinaingia kwenye betri. Usiku betri ziwashe taa, zichaji simu. Lakini pampu isiwake usiku, itawafyonzea betri zote. Kwa hiyo hapa mnaweka saa ya kuwaka, hapa saa ya kuzima. Msomi yupo, si ndiyo?"

"Yupo," nikasema.

Simu yake ikaita. Kulikuwa na kazi nyingine inamngoja Ukerewe na alikuwa anachelewa kivuko. Akakusanya bisibisi zake, akaondoka.

Dada akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Jua la hapa linashika vizuri kuanzia saa tatu," akasema. "Iwake saa tatu. Saa kumi nakuwa nimemaliza kuhamisha mpira kutoka tuta hadi tuta. Izime saa kumi."

Nikabonyeza. Tatu. Kumi. Kisanduku kikalia *ti* kama kifaranga kilichokubali. Nikamwambia dada alale usingizi, kuanzia sasa ana mfanyakazi asiyekula. Akaulaza mpira wa maji kwenye tuta la mwisho, kule chini, tayari kwa kazi ya kesho. Mimi nikarudi Mwanza nikitembea kama mtu aliyelitengeneza jua mwenyewe.

Baada ya siku chache simu ikaita nikiwa katikati ya mbao.

"Mdogo wangu, pampu yako hailipendi jua."

"Hailipendi vipi?"

"Asubuhi inatoa maji kama mtoto anayekojoa. Jua likianza kuwa kali, inazima. Jua likiwa la kuchoma utosi, imelala fofofo. Naipiga makofi, haiamki."

"Na betri?"

"Betri jioni zimejaa, taa inawaka tunaonana mpaka meno. Nikiamka kupika uji, zimekufa. Sipati hata mwanga wa kutafutia kiberiti. Halafu kule chini kwenye tuta la mwisho kumejaa maji, vyura wanaimba kwaya."

"Maji yametoka wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma."

Nilikaa juu ya mbao nikafikiri. Pampu ya jua inayofanya kazi pasipo jua, na jua likija inakimbia. Ni sawa na kuajiri mchungaji anayekimbia akiona ng'ombe. Nikamwambia dada huenda inapata joto, aifunike ile kontrola kwa kanga iliyolowanishwa. Akaifunika. Pampu ikaendelea kulala, ila sasa imelala na kanga.

Nikamwambia aoshe paneli. Akaziosha kwa sabuni ya kufulia, akazisuuza, akazikausha kwa kitenge chake kizuri. Pampu ikazima vilevile. Jirani yake mmoja, mama anayeuza sambusa njia panda, akatoa maoni kwamba hiyo sola imeshiba. "Jua la huku ni jingi kwake," alisema. "Imezoea jua dogo la kwao. Inakula asubuhi kidogo tu, inavimbiwa." Mnicheke mnavyotaka, nilikubaliana naye. Siku nzima niliamini kwamba paneli inaweza kuvimbiwa. Hata nilimpigia dada kumuuliza kama hawezi kuzifunika mbili, ili mbili zinazobaki zile jua taratibu.

Fundi nilimtafuta mpaka kidole kikaota sugu. Yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye huniambia namba haipatikani, nafikiri tulianza kujuana.

Dada alipopiga tena hakunitania. Hilo ndilo lililoniogopesha. "Zimetoa maua," alisema kwa sauti ndogo. "Nyanya zikitoa maua zikakosa maji, maua yanaanguka. Na mzee anapita hapa kila asubuhi. Anahesabu tu yaliyoanguka kwa macho."

Jumamosi nikapanda basi la kwanza. Nilifika jua likiwa bado changa, nikaenda moja kwa moja bustanini bila hata kunawa. Sijawahi kuona bustani iliyochanganyikiwa kama ile. Juu, karibu na banda, majani yamejikunja kama watu wenye homa. Chini, tuta la mwisho limegeuka bwawa. Miche imesimama majini, majani ya njano, na chura mmoja, mkubwa kama kiatu changu, ananitazama bila kuniamkia. Bustani moja ina kiangazi na masika. Na mpira wa maji ulikuwa unatiririsha uzi mwembamba wa maji, mwembamba kiasi kwamba sisimizi angeuruka.

"Umeona?" dada akasema. "Nimeuhamishia huku juu tangu nilipoamka. Maji haya yatafika kwenye mizizi mwakani."

"Na jana jioni uliuacha wapi?"

"Ninauacha kule chini kila siku, nisijikwae nao. Kwani ukilala unafanya nini? Ni mpira."

Tulikuwa bado tunabishana mzee alipofika. Hakuja peke yake. Nyuma yake ng'ombe wapatao jeshi zima walisimama kwenye mpaka wa bustani, wanatazama nyanya kwa adabu, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa mezani.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, Msomi wa Usiku. Umekuja kuizika?"

"Nimekuja kuitibu, baba."

"Itibu haraka." Akaegemea fimbo yake. "Kesho tukitoka kanisani nawaleta hawa waingie. Leo nimewaonyesha tu, wasije wakapotea njia."

Dada aliinama akajifanya anang'oa gugu. Hapakuwa na gugu pale. Aling'oa udongo mtupu.

Mzee hakuwa mtu mbaya, na nadhani alitaka kusaidia kwa namna yake, maana aliendelea: "Lakini mimi nitakwambia kitu. Mnyama huyo wenu analia kabla hakujapambazuka. Mimi huamka mapema kuwatazama ng'ombe zizini. Nasikia *nguuu*, *nguuu*, kule majini. Kwanza nikadhani kiboko amefiwa."

"Inalia alfajiri?" nikauliza.

"Kabla ya alfajiri. Giza totoro. Halafu inakatika, kama mtu aliyeishiwa pumzi." Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Nikasema moyoni, aa, si kosa lake! Msomi wa Usiku ameleta pampu ya usiku. Kila mtu anasomesha alivyosomeshwa!"

Hata dada alicheka, akiwa ameinamia ule udongo wake. Mimi nilicheka pia, lakini kichwani mwangu kulikuwa na vumbi. Inalia gizani. Kwa hiyo ndiyo iliyomaliza betri. Na ndiyo iliyojaza tuta la mwisho, maana mpira ulilala kule. Hayo mawili yalikaa sawa. Lakini kwa nini iwake gizani ilhali niliiambia kwa vidole vyangu hivi iwake saa tatu asubuhi? Na kwa nini ikimbie jua? Nilifungua kontrola, nikatazama. Kuwaka: 3:00. Kuzima: 10:00. Sawasawa kabisa. Nilifunga. Nikafungua tena, labda zimebadilika. Hazikubadilika.

"Inanisikia," nikasema, "ila hainitii."

"Kama wanangu," mzee akajibu.

Basi tukakaa pale watatu, tukiitazama kama wagonjwa wanavyoutazama mlango wa daktari. Redio ndogo ya dada ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa banda, inapiga nyimbo za kwaya. Jua lilikuwa linapanda, na ule uzi wa maji ukaanza kunenepa. Ukawa kama kidole. Ukawa kama vidole viwili. Dada akasimama, akaanza kutabasamu; ng'ombe wakanyoosha shingo. Na pale pale, maji yalipoanza kuwa maji, kisanduku kikalia *ti*, pampu ikanyamaza.

"Umeona? Umeona!" dada akapiga kelele. "Kila siku hivi hivi! Linaponoga tu!"

Redioni mtangazaji akasema ni saa nne kamili asubuhi.

"Ni saa ngapi?" akauliza mzee, ambaye sikio moja alishawaachia ng'ombe wake.

Nikatupia jicho kioo cha kontrola. "Saa nne, baba."

Dada alikuwa ameinama karibu na kioo, pua inakaribia kukigusa. "Saa nne iko wapi?" akasema. "Hapa pameandikwa kumi."

"Ndiyo. Saa nne."

"Kumi, sifuri, sifuri. Unanifundisha kusoma kumi?"

"Dada, ukiona kumi unasema saa nne. Hata kwenye simu ni hivyo."

"Wewe unasema saa nne," akasema taratibu, akiwa bado anakitazama. "Nayo inasema saa ngapi?"

Nikainama karibu naye na, naapa kwa chura yule, nikakisoma kile kioo upya. Maana ni kweli. Kila siku ya maisha yangu natazama simu, jicho linaona tisa, mdomo unasema tatu, na hawa wawili hawajawahi kuniuliza. Hata mwalimu wetu wa Kiingereza alituuliza mambo ya saa kwenye jaribio na nikapata yote. Lakini pale kwenye kontrola hapakuwa na Kiingereza. Palikuwa na tarakimu tupu, na mimi nilidhani tarakimu hazina kabila. Sikio likasikia "saa tatu", kidole kikabonyeza tatu. Sikio likasikia "saa kumi", kidole kikabonyeza kumi. Na mnyonge yule, kwa utii wote, akawa anaamka saa tisa ya usiku mnene, anafyonza betri mpaka zinakata roho, anajikongoja tena jua linapochomoza, na ikifika saa nne asubuhi anazima, kazi imekwisha, kama alivyoagizwa.

"Hii pampu haijakosea," nikasema. "Imetutii kwa saa za Kizungu."

Mzee akanitaka nieleze. Nikaeleza. Akataka tena. Nikachora duara mchangani, nikachora mishale, nikafuta, nikachora jua upande usiostahili, mpaka mimi mwenyewe nikapotea na sikujua kama tuko mchana. Kwa maelezo yangu ya tatu, saa sita ilikuwa imetokea mara nne kwa siku. Ng'ombe mmoja akakanyaga mchoro. Nilimshukuru.

"Subiri," mzee akasema. "Ni ya Wazungu?"

"Imetengenezwa China, baba."

"Mchina naye anaanza kuhesabu siku usiku wa manane, watu wamelala?"

"Naye pia."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Siku inaanza jua likichomoza. Saa moja, jua limekuwa nje kwa saa moja. Hilo hata jogoo analijua."

Nikashika vile vibonyezo, nikaanza kupiga hesabu kwa sauti ili nisipotee: saa tatu ni tisa, saa kumi ni kumi na sita, au kumi na nne, au... Dada akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Hizo namba ukizibadilisha, mimi wiki ijayo nitasahau kwamba kumi na sita ni saa kumi. Wewe uko Mabatini. Nitampigia nani? Yule mama wa namba haipatikani? Zile mbili ziache. Badilisha saa yenyewe."

"Saa yenyewe ni sahihi, dada."

"Sahihi kwa nani? Yeye ndiye mgeni hapa. Ajifunze."

Nilitaka kubisha. Nina cheti. Lakini nilizitazama nyanya, maua yao madogo ya njano yameinama, nikawatazama ng'ombe, nikaona kubisha si wakati wake. Nikaitafuta ile saa kwenye kontrola, nikairudisha nyuma: tisa, nane, saba, dada anahesabu pamoja nami kama tunaimba, mpaka nne. Saa nne asubuhi, nne. Nikabonyeza kukubali.

*Ti.*

Kule majini kukasikika *nguuu*. Mpira ukatikisika kama nyoka aliyekanyagwa, ukakohoa hewa, ukakohoa tope, halafu maji yakaja. Nasema maji! Yalitoka kwa nguvu hivi kwamba mpira uliruka, ukampiga dada gotini, ukamlowesha mzee kuanzia kofia hadi viatu vya matairi, na kama nisingeukalia ungevuka ziwa kurudi kwao. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anauvuta kuelekea tuta la kwanza, akisema "huku, huku, mama, huku," kama anamwita mtoto anayejifunza kutembea.

Maji yaliendelea kutoka saa sita, saa nane, jua likiwa la kutoboa bati. Saa kumi jioni kisanduku kikalia, pampu ikazima. Tuliitazama redio. Redio ikakubali.

Tuta la mwisho hatukuliokoa. Lilikuwa la vyura tayari. Ya kati yalisimama yenyewe kabla ya giza. Ya juu yalitufanya tusali.

Jumapili tulipotoka kanisani mzee alikuja na ng'ombe kama alivyoahidi, maana ahadi ni ahadi. Alitembea matuta yote polepole, akiinua majani kwa ncha ya fimbo, akitazama maua yaliyobaki. Dada alisimama mbele ya geti la miiba, hajavua nguo za kanisani, na hakusogea.

"Zinaishi," mzee akasema mwisho.

"Zinaishi, baba."

"Hazijazaa."

"Kiangazi hakijaisha, baba."

Mzee akawatazama ng'ombe wake, kisha akautazama mpira. "Huo mrija wenu," akasema, "unafika hapa nje ya geti?"

Dada aliuvuta ule mpira mpaka kwenye mtumbwi mkuukuu wa shemeji uliokuwa umelala mchangani karibu na geti, akautumbukiza ndani, na mtumbwi ukaanza kujaa. Ng'ombe wakaugeukia wote pamoja. Mzee akavua kofia, akajipepea. Tangu siku ile wanakunywa pale kila mchana na hawajawahi kuvuka miiba. Nyanya zilizaa, si nyingi kama nitakavyowasimulia watu wa Mabatini, lakini zilizaa, na mzee ndiye aliyeonja ya kwanza, bila chumvi.

Fundi aliporudi kutoka Ukerewe alipita kutazama kazi yake. Akafungua kontrola, akashtuka. "Saa yenu inakosea sana hii," akasema, kidole kimeshanyooshwa. Dada alimpiga kofi la mkono mpaka bisibisi ikaanguka.

"Usimguse," akasema. "Ameshajua Kiswahili."

Mimi ndiye nimebaki na tatizo. Kila nikienda kule natupia jicho kwenye kile kioo, adhuhuri kinaandika sita, na mdomo wangu, uliozoea simu, unasema saa kumi na mbili. Juzi nilimwambia dada azime redio tukale chakula cha jioni. Alinitazama, akalitazama jua lililosimama juu ya vichwa vyetu, akaita upande wa geti:

"Baba! Njoo umsikie Msomi wa Usiku!"